Kamati ya Machozi

Mimi niliingia kwenye kikundi kile kwa kosa la kuongea darasani.

Nilikuwa kidato cha tatu, katika shule ya kutwa pale mjini Kigoma. Baba yangu, mpima ardhi wa serikali, alikuwa amehamishiwa huko kutoka Singida miaka miwili nyuma. Tuliposhuka kwenye treni sikumjua hata mtu mmoja. Wiki moja baadaye nilikuwa najua habari za nusu ya mtaa wetu wa Mwanga, nani amegombana na fundi cherehani wake na nani anaolewa mwezi ujao. Nilikuwa naongea njiani, naongea mstarini, naongea huku natafuna. Siku moja mwalimu wa Biolojia akaacha kuchora figo ubaoni, akageuka na chaki yake mkononi.

"Wewe binti. Hata hii figo imechoka kukusikiliza. Saa nane na nusu, maabara."

Darasa likacheka. Maabara ilikuwa na maana mbili tu: fimbo, au kuosha chupa za vyura waliohifadhiwa kwenye spiriti. Nikaenda nikiwa nimevaa sketi mbili, moja juu ya nyingine, kwa tahadhari.

Nilikuta wanafunzi kumi na mmoja wameketi kwenye viti virefu, na hakuna aliyefanana na mkosaji. Kulikuwa na nahodha wa timu ya mpira, monita wa kidato cha pili, msichana mmoja aliyekuwa akiongoza kasida kwenye Maulidi, na kijana wa kwaya. Mwalimu mwenyewe alikuwa mama mfupi wa Tanga, mnene kiasi, aliyezoea kutusemesha kama wageni waliochelewa chakula. Ndiye pia aliyekuwa mlezi wa wasichana.

"Kaa," akaniambia. "Sikukuita kukuchapa. Nimekuangalia muda mrefu. Watu wanakufuata na shida zao. Tatizo lako ni kwamba wakishafika huwapi nafasi ya kuzisema."

Halafu akafunga mlango, akatueleza. Likizo iliyopita alikwenda kujitolea mwezi mzima kwenye kambi moja ya wakimbizi, huko bara upande wa Kasulu. Alidhani anakwenda kufundisha. Alichokikuta ni vijana wa umri wetu, waliovuka mpaka kwa miguu, wamejipanga wao kwa wao: katika kila mtaa wa kambi walikuwapo wawili watatu ambao kijana mwenzao akielemewa anajua atawafuata. Aliyewafunza alikuwa muuguzi, naye mkimbizi vilevile.

"Wale watoto hawana hata madawati," mwalimu akasema. "Lakini hawaachani. Nikajiuliza, sisi wenye madawati tuna nini?"

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumempoteza mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne. Ilisemwa ni malaria. Tulikwenda msibani tukaimba, tukarudi, na kila mtu akalimeza alilokuwa analijua. Mwalimu alikuwa mtu mzima wa kwanza kulitaja mbele yetu kwa jina lake.

"Alijiua," akasema. "Na mimi nilikuwa darasani kwake siku mbili kabla. Sikuona kitu, kwa sababu sikujua cha kuangalia. Sitaki tena kutojua. Nataka mnisaidie."

Ndivyo tulivyoanza.

Zoezi la kwanza lilionekana la kitoto. Tukae wawili wawili, mmoja aseme jambo linalomsumbua kwa dakika tano, mwenzake asikilize tu. Asishauri, asikatize, asiseme "hata mimi". Nikapangwa na nahodha wa mpira, kijana mrefu wa Ilagala, mtoto wa mvuvi, aliyekuwa akiishi kwa mjomba wake mtaa wa Rusimbi ili asome. Kiswahili chake kilikuwa na Kiha ndani yake, na alikisema taratibu, bila haraka na mtu.

"Mimi," akaanza, "naogopa maji."

"Maji? Mtoto wa mvuvi?" nikadakia. "Hata mimi naogopa nyoka! Singida kuna siku nilikwenda kuchota..."

"Simama hapo." Mwalimu alikuwa nyuma yangu. Akafungua mkoba wake, akatoa pipi ngumu ya maziwa. "Weka mdomoni. Ukiitafuna nitasikia. Mpaka iishe, hujui kusema."

Basi nikanyonya pipi, na nahodha akaongea. Akasema alipokuwa darasa la nne mtumbwi wa baba yake ulipinduka kwa dhoruba mbele ya macho yake. Baba aliogelea akafika, lakini yeye tangu siku ile akiona mashua hugeuza njia. Kila likizo alisingizia mazoezi ya mpira ili asirudi nyumbani kwa njia ya ziwa, na mama yake alikuwa ameanza kuamini kwamba mwanawe kasoma akaonea haya kwao. Mambo hayo yote yalitoka kwa kipande kimoja cha pipi. Alipomaliza akavuta pumzi ndefu.

"Ahsante," akaniambia.

Sikuwa nimefanya lolote. Nilibaki nimeduwaa, ulimi wangu mtamu, nikifikiri ni mambo mangapi ya watu nimeyakanyaga kwa maneno yangu.

Wiki zilizofuata tulijifunza mengine. Kwamba ukiona mwenzako amebadilika, mwulize. Kwamba ukihisi anafikiria kufa, mwulize hilo hilo, waziwazi, usizungukezunguke. Kijana wa kwaya akanyoosha mkono.

"Mwalimu, si nitakuwa nimempa wazo?"

"Ukimwuliza mtu kama ana njaa, umempa njaa?"

"Hapana."

"Basi. Ukimwuliza, unampa mahali pa kuutua mzigo wake. Ndiyo kazi yako, pa kuutua tu. Kuubeba ni kazi ya watu wazima. Siri ya mvulana aliyekuandikia barua, tunza mpaka uzeeni. Siri ya kufa haitunzwi. Unampeleka kwangu, au kwa mtu mzima unayemwamini, na humwachi peke yake mpaka mmefika. Atakasirika. Mwache akasirike akiwa hai."

Shule nzima ilitucheka. Walituita Kamati ya Machozi. Tukipita, mtu anajifuta macho kwa mkono wa shati, kisha anaukamua kama nguo iliyolowa. Tukaona dawa ya kuchekwa ni kuchekesha zaidi. Ijumaa moja mstarini tukacheza igizo. Nahodha alivaa kanga na kitambaa cha kichwa, akawa mama mwenye maneno mengi ambaye kila mwanawe akifungua kinywa anamkatiza kwa methali. Mimi nilikuwa mwanawe. Nilifungua kinywa mara kumi na mbili bila kutoa neno, na kwa jinsi shule ilivyonifahamu, hiyo peke yake iliwavunja mbavu. Mkuu wa shule, mtu ambaye tuliamini hana meno ya mbele kwa kuwa hatukuwahi kuyaona, alicheka mpaka akaomba kiti. Jumatatu yake wanafunzi watatu walikuja maabara wenyewe na shida zao. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akikamua shati.

Sasa nimseme jirani yangu wa dawati, msichana mwenzangu.

Babu yake alitoka Burundi zamani, kabla hata wazazi wetu hawajaoana, akalima michikichi nyuma ya Ujiji. Yeye alizaliwa Ujiji, akakulia Ujiji, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa bingwa wa hesabu. Mwalimu wa hesabu akikosea ubaoni humtazama yeye kwanza, aone kama ameshtuka. Akicheka aliziba mdomo kwa daftari, kwa sababu ya pengo moja dogo ambalo mimi niliona linampendeza.

Miaka ile vita vya ng'ambo vilikuwa vimetufikia mlangoni. Watu walikuja kwa mashua kutoka upande wa pili wa ziwa, wengine kwa miguu kutoka mpakani, na magodoro vichwani. Uwanja wa mpira ulijaa mahema, timu yetu ikawa inafanya mazoezi barabarani. Bibi yake mzaa mama alikuwa miongoni mwa waliovuka, mgonjwa, akapelekwa kambini. Mama yake akamfuata kumwuguza na akakaa huko. Baba yake alikuwa ameshafariki. Kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa, alikuwa amekwenda Burundi kwa ndugu kabla mambo hayajachafuka, na tangu hapo haikuja barua wala salamu. Basi jirani yangu akabaki na shangazi yake, mwuza mawese wa soko la Mwanga. Kila alasiri, akitoka shule, alipitia uwanjani kuwauliza walioshuka siku hiyo kama wamemwona kijana wa sura fulani na kovu nyusini.

Darasani wako waliomwita mkimbizi. Ni wale wale waliokuwa wananakili hesabu zake mwaka uliotangulia. Aliitikia kwa kutabasamu, nami nilidhani anayetabasamu haumii.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu nalisema kama lilivyo. Muhula wa pili aliacha kufanya mazoezi ya hesabu. Aliacha kupitia uwanjani. Wiki moja akampa msichana wa nyuma yetu sweta yake. Siku iliyofuata akanisogezea mkebe wake wa hesabu, ule wenye bikari ya chuma ambayo darasa zima liliitamani.

"Chukua."

"Wa kwangu kabisa?"

"Wa kwako. Mimi nitaufanyia nini."

Nikaruka kwa furaha! Mwanachama wa kikundi cha kusikiliza, niliyefundishwa ishara zote, nilichosikia ni neno "chukua" tu. Nilichora duara kila ukurasa, hata kwenye daftari la Uraia.

Nahodha ndiye aliyeniamsha. Tulikuwa tunasubiri mwalimu afungue maabara, akaona mkebe kwapani kwangu.

"Huo si wa mwenzako?"

"Kanipa."

"Kwa nini kakupa?"

Nikakumbuka sweta. Nikakumbuka "nitaufanyia nini".

"Yuko wapi sasa hivi?" nahodha akauliza.

"Ameondoka sasa hivi. Anapenda kupita pwani ya Kibirizi."

"Kimbia. Mimi namngoja mwalimu nimwambie."

Nikakimbia. Nilimkuta Kibirizi, jua la saa kumi, ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi uliopandishwa mchangani. Akina mama walikuwa wanageuza dagaa walioanikwa, wanatupiana utani kwa Kiha, na watoto wanafukuza ndege. Pwani nzima ilikuwa inang'aa kwa dagaa. Nikaketi kando yake, nikahema, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikujua nianze vipi. Nikasema dagaa ni wengi leo. Nikasema mtihani wa Kemia umeahirishwa. Nikasema kiatu kinanibana. Kisha nikaacha.

"Nataka kukuuliza kitu," nikasema. "Unafikiria kufa? Kujiua?"

Alinigeukia. Sikuona hasira wala mshangao usoni mwake. Uso wake ulilegea tu, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ndogo.

Sikuwa na pipi, lakini nilinyamaza. Akaongea. Kaka, mama, bibi, darasa, usingizi usiokuja, hesabu ambazo alizitazama zikawa michoro isiyo na maana. Mpaka leo sijui ni lipi lililomwelemea, na sidhani kama lilikuwa moja. Alisema amechoka kuwa mzigo. Nilitaka kumwambia kwamba yeye si mzigo, kwamba ana akili, kwamba Mungu yupo, nikauma ulimi. Alipofika mwisho nikasema tu, "Nimekusikia. Nimefurahi umeniambia."

"Usimwambie mtu."

"Siwezi."

"Nini?"

"Siwezi kutunza hiyo. Twende kwa mwalimu."

Hapo akakasirika kama tulivyoahidiwa. Akasimama, akaita jina langu lote mpaka la babu, akasema mimi ni redio ya taifa, alijua tu nitamtangaza. Nikaukamata mkanda wa begi lake.

"Achia begi langu."

"Siachii."

"Nitapiga kelele."

"Piga. Mimi pia najua kupiga."

Akina mama wa dagaa wakasimama kututazama. Mmoja akatuuliza, "Mwagombana nini, wanangu?" Nikasema tunakwenda kwa mwalimu. "Basi nendeni wote," akasema, na akatusindikiza hadi barabarani, mikono ikinuka samaki, bila kuuliza zaidi. Simjui, sikumwona tena, lakini nampenda.

Tukapanda kilima tukivutana begi. Tukakutana na mwalimu akitujia mbio, nahodha nyuma yake. Nahodha alikuwa amechoka kumngoja maabara, akamfuata nyumbani, akamkuta anasukwa: upande mmoja wa kichwa una mabutu yaliyonyooka, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona chui. Mtu wa Tanga, mwenye heshima zake, alikuwa amevuka mtaa mzima hivyo. Jirani yangu alimtazama, akajikaza, akashindwa. Kicheko kikamtoka kabla ya kilio, halafu vikaja vyote viwili pamoja, na mwalimu akamkumbatia pale pale njiani.

"Nicheke," akamwambia. "Nicheke mama, halafu twende ukale."

Nyumbani kwa mwalimu tulikula ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa letu, aliyepikwa kwa mawese. Mwalimu hakuhoji kitu mpaka sahani zikawa tupu. Kisha akaingia naye chumbani wakaongea, na nahodha akatumwa sokoni kumwita shangazi. Nilitarajia makelele. Shangazi alifika na viganja vyekundu kwa mawese, akapiga magoti mbele ya mtoto, akamshika uso, mashavu yakawa mekundu pia.

"Humura, mwana wanje," akamwambia kwa Kirundi. Usiogope, mwanangu. Akalirudia mara nyingi. Halafu akasema kwa Kiswahili, kwetu sote, "Mimi nilidhani ananyamaza kwa adabu."

Kesho yake walikwenda hospitali, yeye, shangazi na mwalimu. Kulikuwa na muuguzi wa afya ya akili, mzee mpole ambaye wengi hawakujua yupo, na jirani yangu akawa anakwenda kwake kila wiki. Mwalimu alihangaikia kibali mpaka mama yake akapata ruhusa ya kutoka kambini na kukaa naye. Wale waliokuwa wakimwita mkimbizi waliitwa mmoja mmoja kwa mwalimu wa nidhamu. Sijui waliambiwa nini, lakini neno lile lilikoma.

Mimi nilidhani nitashukuriwa. Jirani yangu aliporudi shule alihama dawati. Akakaa mbele kabisa, na akawa ananipita kama nguzo ya umeme. Wiki ya kwanza nilivumilia. Wiki ya pili niliacha kuongea darasani, mpaka mwalimu wa Historia akauliza kama nina homa. Wiki ya tatu nilikwenda maabara, nikamkuta nahodha anapanga viti, nikalia kwa sauti. Yeye akaketi. Hakusema "nyamaza", hakusema "yatapita". Nilipomaliza akauliza, "Basi?" Nikasema, "Basi." Akanipa kitambaa chake, ambacho kwa kweli kilikuwa kichafu sana, na nilikitumia.

Ilipita kama mwezi mmoja na nusu. Siku hiyo tulikuwa na jaribio la jiometri, nami nilikuwa napambana na pembetatu ambayo haikutaka kufunga. Karatasi zilipokusanywa akaja akasimama mbele ya dawati langu.

"Mkebe wangu," akasema.

Sijawahi kunyang'anywa kitu kwa furaha namna ile. Nikautoa haraka mpaka ukaanguka, vitu vikatawanyika sakafuni. Tukainama wote wawili kuokota.

"Kifutio kiko wapi?"

"Nilikipoteza."

"Na hii bikari umeipinda."

"Nilichora maduara mengi."

Akaitazama bikari, akanitazama mimi. "Nilikuchukia sana," akasema. "Kweli kabisa. Nilikuwa nahesabu siku za kukuchukia."

"Zimefika ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu." Akaziba mdomo kwa daftari.

Hakurudi kwenye dawati letu, alisema mbele anasikia vizuri. Lakini tulianza tena kurudi nyumbani pamoja, na siku nyingine tulipitia uwanjani kuuliza habari za kaka yake. Mimi ndiye niliyekuwa naongea na watu, kwa kipaji changu. Yeye alikuwa anatafsiri. Kaka hakuonekana, si mwaka ule wala miaka iliyofuata. Ziko siku alikuwa anarudi nyuma, hataki kula, hataki kuja shule, na siku hizo shangazi alifunga meza yake ya mawese akakaa naye. Sitaki mtu adhani alipona kwa ugali na mgebuka wa siku moja. Lakini siku mbaya zilikuwa zinapungua, na siku za kawaida zinaongezeka, na mwisho wa muhula akaingia kikundini mwenyewe bila kuitwa.

Likizo ilipokaribia mwalimu alipata mwaliko: shule ya Ilagala ilitaka kuona igizo letu. Tulikwenda kwa mashua ya mashine, asubuhi kweupe, wanafunzi kumi na watatu na kapu la mikate. Nahodha alipanda wa mwisho. Alikuwa ameshika ubao wa mashua mpaka kucha zimepauka, na jirani yangu akajipanga kando yake, akaanza kumpa hesabu za kichwani. Saba mara kumi na tisa. Mia tatu toa arobaini na nane. Alimpa hesabu mpaka tulipouona mdomo wa Malagarasi, maji ya mto yakiingia ziwani kama chai ya maziwa. Akakosea karibu zote. Pwani alikuwa amesimama mama yake nahodha, na alipomwona mwanawe anashuka kwenye maji, alitupa kanga yake hewani akapiga vigelegele, na kijiji kizima kikajua kuna sherehe.

Igizo lilitucheza sisi. Wenyeji walitaka kwa Kiha, na nusu yetu tulikijua kwa salamu tu. Nilisema "mwakeye", salamu ya asubuhi, mchana wa jua kali, na wazee wa mbele wakaniitikia kwa adabu kubwa huku mabega yanatikisika. Kanga ya nahodha ilifunguka katikati ya methali. Mbuzi alipita jukwaani. Watu walicheka mpaka walimu wa pale wakaacha kuwatuliza.

Mwishoni, mwalimu alipouliza kama yuko mwenye neno, jirani yangu alisimama. Hakuwa amepangwa. Alisema kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiha, kwamba mwaka ule yeye mwenyewe alitaka kufa, kwamba aliulizwa, akasema, na amefurahi kuwa amekuja Ilagala. Hayo tu. Akaketi. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyelia. Mzee mmoja alisema "ego," ndiyo, kama mtu anayekubali hoja kwenye mkutano.

Jumapili, tukiwa tunapakia kurudi, msichana mmoja wa pale alikuja hadi karibu na mashua akasimama. Alivaa sare, begi begani, ingawa haikuwa siku ya shule. Hakumtazama mwalimu wala mimi, alimtazama jirani yangu. Jirani yangu akashuka majini na viatu vyake, wakaenda kuketi kwenye kivuli cha ukuta wa ghala la samaki.

Mwenye mashua akaangalia anga. "Mwalimu, upepo utageuka. Tutachelewa."

"Tutachelewa," mwalimu akakubali, akafungua kapu la mikate.

Tukakaa mchangani tukisubiri. Nilikuwa mbali, sikusikia neno, ila niliona yule msichana anaongea, na jirani yangu ameinamisha kichwa, mikono magotini, kimya. Baada ya muda mrefu wakasimama. Hawakuja kwetu. Walitembea pamoja kuelekea nyumba ya mwalimu mkuu wa pale, msichana yule mbele, jirani yangu nyuma yake hatua moja, ameushika mkanda wa begi la mwenzake.